Ligi Yetu Inahitaji Wazee wa Dedha

Kinna, katika kaunti ya Isiolo, malisho ya kiangazi hayaingiliwi wakati wa mvua. Wazee wa dedha, baraza la Waborana linalosimamia maji na nyasi, ndio wanaoamua mifugo ihame lini na irudi lini. Mwenye ng'ombe mia tatu hungoja sawasawa na mwenye kumi. Akiachwa aingie atakavyo, nyasi zitakwisha mapema, na kiangazi kikikaza hata yeye atakosa pa kulisha.

Mpira wa kikapu wa Kenya umefika mahali pa kuhitaji utaratibu wa namna hiyo. Fedha na mipango ya kampuni ya Twende Sports ziliinyanyua Nairobi City Thunder hadi ikawa bingwa wa ligi kuu mwaka 2024. Mei 2025 ikacheza Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, BAL, mjini Kigali, klabu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Ni fahari yetu sote, na sioni sababu ya kuwaonea kijicho waliotia fedha zao mahali ambapo wengi walikataa kutia. Lakini bingwa huyo aliyetamba nyumbani hakuvuka hatua ya makundi Kigali, ijapokuwa alikuwa ameongeza wachezaji kutoka nje. Timu isiyobanwa nyumbani hukutana na presha kwa mara ya kwanza ugenini, tena mbele ya wapinzani walioizoea. Shabiki naye, akishajua matokeo kabla ya mchezo kuanza, atakata tiketi ya nini?

Wapo wanaosema tusihangaike, kwa kuwa fedha hazinunui uelewano. Kweli, hazinunui. Mwaka 2004 Los Angeles Lakers waliingia fainali ya NBA na Shaquille O'Neal, Kobe Bryant, Karl Malone na Gary Payton, wakapigwa 4-1 na Detroit Pistons, timu isiyo na nyota wa kiwango hicho. Sisi wenyewe tuna mfano ulio karibu zaidi. Februari 2021, mjini Yaoundé, timu yetu ya taifa, Kenya Morans, iliifunga Angola, bingwa wa Afrika mara 11, kwa 74-73. Kapu la Tylor Ongwae la sekunde za mwisho likaturudisha AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Mkufunzi Liz Mills alikuwa mgeni kikosini, lakini baadhi ya wachezaji, Ongwae akiwemo, walikuwa pamoja tangu mashindano ya AfroCan ya 2019 huko Bamako, walikofika fainali. Walijua nani ataka pasi wapi, na nani wa kuachiwa mpira saa ikiyoyoma. Ujuzi huo huja kwa misimu, na kwa kushindwa pamoja.

Hapo ndipo hoja ya "tuache tu" inapoanguka. Uelewano huchukua muda, na muda ndio klabu ndogo inaonyang'anywa kila mara mchezaji wake bora anapochukuliwa msimu ukikaribia. Inamlea, inamfunza mfumo, kisha inaanza upya. Ligi isiyo na mizani huwanyima wanyonge ushindi wa leo, na pia kikosi cha kesho.

Je, tuige Marekani? NBA iliweka ukomo wa mishahara katika msimu wa 1984-85 na imeendelea kuukaza. Kuanzia 2019 hadi 2025 kumekuwa na mabingwa saba tofauti katika misimu saba, jambo zuri kwa miji mingi. Lakini Boston Celtics, mabingwa wa 2024, walilazimika mwaka uliofuata kuwaachia Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis ili kukwepa adhabu za gharama. Timu iliyokwisha kuelewana ikavunjwa na kanuni iliyokusudiwa kuleta haki. Kwangu hiyo ni mizani iliyopitiliza. Isitoshe, kwetu vilabu vingi ni vya taasisi, kama Mamlaka ya Bandari, Benki ya Equity na jeshi, na mchezaji huvutwa na ajira kuliko mshahara wa uwanjani. Ukomo wa mishahara ungepimwa kwa kipi?

Kinachofaa ni kuulinda muda. Usajili wa katikati ya msimu ubanwe. Klabu au shule iliyomlea mchezaji ilipwe fidia anapochukuliwa. Idadi ya wageni iwe na kikomo, lakini klabu iliyokuza wachezaji wake yenyewe isiadhibiwe kwa kukaa nao miaka mingi. Mapato ya matangazo yagawanywe kwa vilabu vyote, maana hakuna anayecheza fainali peke yake. Na ligi itoke Nairobi na Mombasa: kijana mrefu wa Kinna au Garba Tula asilazimike kuhama ndipo aonekane.

Shirikisho la Mpira wa Kikapu Kenya liwaite wamiliki wa vilabu mezani, Thunder wakiwemo, na kanuni hizi ziandikwe kabla dirisha la usajili halijafunguliwa tena.