Simba wa Tsavo, miwani ya karatasi na utamu wa kuogopa

Mpenzi msomaji, je, waikumbuka sinema iliyokutisha ulipokuwa mdogo, hata ukaogopa kwenda msalani usiku bila kusindikizwa? Huenda ilikuwa ya Dracula na meno yake marefu, au ya dubwana lililoibuka majini likiwa na magamba ya mpira. Basi itafute sinema hiyo hiyo leo uitazame tena. Utaona mshono wa vazi la dubwana, utaona damu nyekundu kama rangi ya mlango mpya, na chombo cha anga za juu kikining'inia kwa uzi. Utacheka mpaka mbavu zikuume. Lakini hutaizima. Utaitazama hadi mwisho, na Jumamosi ijayo utamwita jirani aje muitazame pamoja.

Mbona basi tunazipenda sinema hizi kuukuu, ambazo udhaifu wake wauona hata mtoto wa darasa la tatu? Leo ningependa tulijadili jambo hili, na tuanzie mahali ambapo wengi hawangepatarajia: Taita Taveta, kwenye daraja la Mto Tsavo, kiasi cha kilomita 50 kutoka mji wa Voi.

Mnamo Novemba 26, 1952, watu wa Hollywood, Marekani, walipanga foleni kwenda kutazama sinema iliyoitwa Bwana Devil. Jina lenyewe nusu Kiswahili nusu Kiingereza, utadhani lilibuniwa na utingo wa matatu! Mtengenezaji wake, Arch Oboler, alikuwa amejipatia sifa kwa kutunga michezo ya redio ya kutisha. Safari hii alichukua kisa cha simba wawili waliowala wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka 1898. Kila mtazamaji alipewa miwani ya karatasi yenye vioo maalumu. Picha mbili zilirushwa kwenye pazia kwa wakati mmoja, na miwani ile ikahakikisha kila jicho limepata picha yake, kama macho yetu yanavyofanya tukitazama kitu halisi. Matokeo yake, simba alionekana kama anayeruka kutoka pazia hadi mapajani mwa mtazamaji.

Hii ndiyo iliyokuwa sinema ndefu ya kwanza ya Kiingereza yenye rangi iliyoonyeshwa kwa mtindo huo. Wachambuzi waliiponda vibaya. Sehemu kubwa yake ilikuwa imepigwa California, na hadithi yenyewe ilikuwa ikijikokota. Lakini watu walijaa, na fedha zikamiminika. Makampuni makubwa yalipoona hivyo nayo yakakimbilia mtindo huo. Mwaka 1953 ikatoka House of Wax ya Vincent Price, na It Came from Outer Space, iliyohusu viumbe kutoka anga za juu. Mwaka 1954 ikafuata Creature from the Black Lagoon, ya yule jamaa wa magamba. Ajabu ni kwamba André de Toth, aliyeiongoza House of Wax, alikuwa na jicho moja tu lenye kuona. Kile kina kilichowafanya watazamaji wapige mayowe, yeye mwenyewe hakuweza kukiona!

Kwa hiyo ukikutana na lile dubwana la ziwani, lisalimie kwa heshima. Babu yake ni simba wa Tsavo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Sababu ya kwanza ya kuzipenda sinema hizi ni kwamba woga wake una ukingo. Unaogopa huku ukijua kwamba taa zitawashwa na utarudi nyumbani kula ugali wako. Jambo hili si geni kwetu. Kabla ya sinema, nyanya zetu walitusimulia habari za mazimwi wala watu, nasi tukasogeleana karibu na moto, tukiomba hadithi iishe na papo hapo tukiomba iendelee. Mtoto aliyekwisha kumshinda zimwi akiwa mapajani mwa nyanya yake ana namna ya kuanzia siku atakapokutana na hofu ya kweli.

Sababu ya pili ni kwamba katika sinema hizi tunaiona mikono ya watu. Hapakuwa na kompyuta. Mtu halisi alijifunga vazi zito na kutembea akitoka jasho, mwingine akakanda udongo na kujenga mji mdogo wa kubomolewa. Tunacheka, ndiyo, lakini ni kicheko cha kumpenda fundi aliyejitahidi kwa vifaa vichache, kama tunavyolipenda gari la waya alilolitengeneza mtoto. Isitoshe, pale ufundi ulipopungua, fikira zetu zilijaza pengo.

Sababu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni wale tuliotazama nao. Ikiwa ulikulia mashambani, huenda uliona sinema kwa mara ya kwanza pale gari la sinema lilipofika sokoni jioni, likatundika shuka jeupe na kutangaza sabuni kabla ya picha kuanza. Ikiwa ulikulia mjini, yumkini ni kwenye kibanda cha video, mkiwa mmebanana kwenye mabenchi, na mmoja wenu tayari alikuwa ameiona sinema ile akawa anawaambia yatakayotokea. Unapoitazama tena leo, humtafuti Dracula. Unamtafuta kaka yako aliyekushika mkono, au rafiki ambaye sasa hujui alikokwenda. Kijana wa leo hutazama sinema peke yake kwenye simu, vipokea sauti masikioni. Picha yake ni safi kuliko zetu zote, lakini akishtuka hana wa kumshika.

Hata hivyo, msomaji wangu, kicheko chetu kina mpaka. Chukua Godzilla, mjusi mkubwa wa Kijapani aliyetokea mara ya kwanza Novemba 1954. Sisi tunamwona mtu ndani ya vazi la mpira akikanyaga nyumba za maboksi. Wajapani waliojaa kumtazama mwaka huo walikuwa na kumbukumbu ya Hiroshima na Nagasaki, iliyokuwa na umri wa miaka tisa tu. Tena mwezi Machi mwaka huo huo wavuvi wao walikuwa wameangukiwa na majivu yenye sumu kutokana na jaribio la bomu la Marekani katika Bahari ya Pasifiki. Kwao dubwana lile lilikuwa msiba uliovishwa vazi.

Na simba wa Tsavo je? Reli ilipofika mtoni mwaka 1898, kazi ya kujenga daraja ilikabidhiwa ofisa wa jeshi la Uingereza, John Henry Patterson. Kwa miezi kadhaa simba wawili dume wasio na manyoya shingoni waliingia kambini usiku na kuwaburura watu kutoka katika mahema yao. Wajenzi wakaanza kusema kwamba hao si simba bali mashetani, na hatimaye mamia wakakimbia kazi ikasimama. Patterson alimpiga risasi wa kwanza Desemba 9 na wa pili Desemba 29.

Wataalamu wametaja sababu za kawaida kabisa. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imefyeka nyati na ng'ombe, ukame na njaa vilikuwa vimeenea, na simba mmoja alikuwa na jino lililovunjika na jipu kwenye mzizi wake, hivyo kukamata mnyama mwenye nguvu kukawa shida. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba walizichunguza nywele zilizokwama katika nyufa za meno ya simba hao, wakakuta za twiga, punda milia, choroa, nyumbu, kuro, na za binadamu.

Waliokufa walikuwa wangapi? Katika kitabu chake cha mwaka 1907, Patterson alitaja Wahindi 28, kisha akaongeza kwamba Waafrika wengi nao waliliwa lakini hesabu yao haikuwekwa. Baadaye alisema wote walikuwa 135. Utafiti wa mwaka 2009, uliopima mifupa na manyoya ya simba hao, ulikadiria watu kama 35. Simba wenyewe wanajulikana vizuri: ngozi zao zilikuwa mazulia nyumbani kwa Patterson kwa miaka 25 hivi, kisha mwaka 1924 jumba la makumbusho la Field huko Chicago likazinunua kwa dola 5,000, na hadi leo wamesimama pale wakitazamwa. Mwaka 1996 Hollywood iliwarudia tena katika The Ghost and the Darkness, iliyopigwa Afrika Kusini kwa simba wenye manyoya tele shingoni, ikashinda tuzo ya Oscar ya ufundi wa sauti. Naam, mngurumo umepewa tuzo, lakini Mwafrika aliyeburutwa kutoka hemani hakuandikwa hata jina.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa familia zinazopakana na mbuga ya Tsavo, mnyama si wa karatasi. Huko Sagalla, karibu na Voi, wapo wakulima waliotundika mizinga ya nyuki kwenye nyua za mashamba ili kuwazuia ndovu wasimalize mahindi. Watu hao hawahitaji miwani ili wamwone mnyama akiwajia.

Sisemi tuache kuzicheka sinema kuukuu. La hasha! Jumapili hii zima simu, waite watoto, tafuta sinema moja ya zamani, mjikunyate kwenye kochi moja na mcheke hadi majirani wasikie. Lakini ikiisha, kabla hamjakwenda kulala, waulize watoto swali moja: hofu hii ilikuwa ya nani kabla haijawa sinema? Nanyi wanafunzi mnaosafiri kwa treni ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi, mkifika Tsavo inueni macho kutoka kwenye simu mtazame nje. Watu walifia pale ili reli ya kwanza ipite, nao wanastahili angalau dakika moja ya safari yenu.