Waacheni makauboi waimbe

Najua nimepotea wiki mbili tatu, mitihani ilitubana kwelikweli na wenye kozi ngumu mnanielewa. Leo naweka vitabu pembeni niongelee muziki. Hapa bwenini nimeshapewa jina, naitwa Kauboi, na kila nikiwasha spika rumeti wangu anauliza, "We bwana, umeanza tena nyimbo zako za babu?" Sasa nimeamua kumjibu kwa maandishi ili nisirudie maelezo kila jioni.

Kwanza tuelewane. Nikisema muziki wa makauboi, sisemi ile kantri ya Jumapili asubuhi redioni, akina Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers. Hao nawapenda, na mama yangu anawapenda kunishinda. Ila nyimbo zao nyingi ni za mapenzi na mioyo iliyovunjika. Nyimbo za makauboi wenyewe ni nyimbo za kazi: ng'ombe, farasi, vumbi, mvua ya usiku, ujira mdogo, na rafiki aliyefia njiani akazikwa hukohuko porini. Wauza santuri wa Marekani waliziunganisha zote mbili wakaita "country and western". Mimi naongelea hiyo western.

Sasa zilitoka wapi? Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani viliisha mwaka 1865. Texas ilikuwa imejaa ng'ombe wenye pembe ndefu, wengi mpaka bei imeanguka kabisa, wakati miji ya kaskazini na mashariki ilikuwa na njaa ya nyama. Reli haikuwa imefika Texas kwenye hao ng'ombe. Basi ikabidi ng'ombe waende kwa miguu. Kuanzia 1867 makundi yakaanza kuswagwa kwenda Abilene, Kansas, kwenye kituo cha treni. Kundi moja lingeweza kuwa na ng'ombe 2,000 na zaidi, na vijana kama 12 tu wa kuliongoza, kwa miezi miwili au mitatu. Vijana wa umri wetu huu huu, jamani, wengine wadogo kuliko sisi.

Usiku ndio ulikuwa na kazi yake. Ng'ombe wakishalala, wawili wanapanda farasi kwa zamu na kulizunguka kundi polepole, kila mmoja upande wake, wakipishana gizani. Hapo ndipo wanapoimba. Ng'ombe wa Texas alikuwa mwoga, kijiti kikivunjika au radi ikipiga kundi zima linakurupuka, na ukiwa mbele yake umekwisha. Sauti ya mtu inayoendelea bila kukatika ilimwambia ng'ombe kwamba anayekuja ni yuleyule, hakuna jipya. Ndiyo maana nyimbo hizi nyingi zinakwenda mwendo wa farasi anayetembea, hazina haraka. Mwimbaji naye zilimsaidia asisinzie. Rumeti wangu akilalamika kwamba zinamtia usingizi, namwambia basi zimefanya kazi yake, maana zilitungwa kwa ajili hiyo.

Hizo safari hazikudumu. Seng'enge ilisajiliwa na Joseph Glidden mwaka 1874, na haikuchukua muda mrefu nyika ikakatwa vipandevipande. Reli zikasogea kusini. Kansas ikapiga marufuku ng'ombe wa Texas kwa sababu ya ugonjwa wa kupe. Kisha majira ya baridi ya 1886 kuingia 1887 yakaua mifugo isiyo na idadi kaskazini. Kazi yenyewe ya kuswaga ng'ombe masafa marefu ilidumu kama miaka 20 hivi. Nyimbo zake sasa zina miaka zaidi ya 130 tangu kazi ife, na bado kuna watu wanaziimba. Hapo ndipo nilipokamatwa mimi. Wimbo wa kazi kwa kawaida hufa na kazi. Hizi hazikufa, na nataka kujua nani alizizuia zisife.

Wa kwanza kushukuriwa ni walioziandika. Jack Thorp, mtu wa New York aliyehamia New Mexico kufuga, alianza kuziokota kambini mwaka 1889 akizunguka na farasi wake. Mwaka 1908 akachapisha kijitabu chenye nyimbo 23 kwenye mji mdogo wa Estancia. Miaka miwili baadaye, 1910, John Lomax akatoa kitabu kikubwa zaidi. Wanafunzi wenzangu, msipite hapa haraka: Lomax aliikamata kazi hii kwa nguvu akiwa anasoma shahada ya pili Harvard, na walimu wake ndio waliomsukuma. Tunaolia kwamba hatuna mada ya utafiti, tumeelewana?

Lakini kitabu hakiimbi. Huu ndio msimamo wangu na sitauficha: wimbo uliobaki kwenye karatasi peke yake ni kama mbegu iliyosahaulika kwenye chupa. Inakaa, haioti. Aliyeuokoa wimbo ni yule anayeutia mdomoni mbele ya watu, anaukosea, anaurekebisha, kisha anamwachia mwingine.

Sinema ilisaidia kidogo na kuharibu kidogo. Miaka ya 1930 na 1940 Gene Autry na Roy Rogers waliimba kwenye filamu, wakawa mastaa wakubwa, na watoto dunia nzima wakataka kofia. Hawa walikuwa makauboi wasafi mno, shati lenye marembo na buti zinazong'aa. Nyimbo zao nyingi zilitungwa studioni, ingawa baadhi, kama zile za Bob Nolan wa Sons of the Pioneers, ni nzuri kupita kiasi na mimi sizikatai. Tatizo ni kwamba sinema ilituachia picha moja tu kichwani: kauboi ni mzungu mwenye bastola.

Kumbe sivyo. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba katika kila makauboi wanne wa safari zile, mmoja alikuwa Mweusi. Wengi walikuwa wametoka tu utumwani. Nat Love, aliyezaliwa mtumwa Tennessee mwaka 1854, aliandika maisha yake mwenyewe na kuyachapisha 1907. Na ufundi wenyewe, kamba ya kitanzi, tandiko, hata neno rodeo, ulitoka kwa wachunga ng'ombe wa Mexico waliokuwa wakifanya kazi hiyo zamani kabla Texas haijawa ya Marekani. Njia maarufu ya kuswagia ng'ombe, Chisholm, imepewa jina la Jesse Chisholm, mfanyabiashara ambaye mama yake alikuwa Mcherokee. Hata ule wimbo unaojulikana kuliko zote, "Home on the Range", maneno yake yaliandikwa na daktari wa Kansas miaka ya 1870, lakini Lomax mwenyewe alisimulia kwamba aliupata San Antonio kwa Mweusi mwenye baa, ambaye zamani alikuwa mpishi wa misafara ya ng'ombe. Rudieni sentensi hiyo. Wimbo rasmi wa jimbo la Kansas tangu 1947 umepitia kwenye koo la mpishi Mweusi ili utufikie.

Ndiyo maana katika wote wanaoziimba leo, wa kwanza kwangu ni Dom Flemons. Huyu ni mtoto wa Arizona, Mweusi mwenye asili ya Mexico pia, mmoja wa waanzilishi wa kundi la Carolina Chocolate Drops lililopata Grammy mwaka 2011. Mwaka 2018 alitoa albamu iitwayo Black Cowboys kupitia Smithsonian Folkways. Anapiga banjo, gitaa, hamonika, filimbi za matete, hata mifupa anaigonganisha ikatoa mdundo. Humo kuna wimbo aliomtungia Nat Love. Mwaka 2024 Beyoncé alipotoa Cowboy Carter na watu wakashangaa Mweusi anatafuta nini kwenye kofia ile, mimi nilicheka tu. Jibu lilikuwa limeshatolewa miaka sita kabla, wengi hawakuwa wanasikiliza.

Wa pili ni Don Edwards, aliyefariki Oktoba 2022. Sauti yake tulivu kama mzee anayekusimulia jambo barazani. Alizaliwa New Jersey, mbali kabisa na ng'ombe wa Texas, lakini akazisoma nyimbo za zamani mpaka Texas wenyewe wakaja kumsikiliza. Waliotazama filamu ya The Horse Whisperer ya 1998 wamemwona humo. Namtaja kwa sababu anaonyesha kwamba urithi ni wa anayeubeba, hata asipozaliwa nao.

Wa tatu ni Ian Tyson wa Kanada, naye alituaga Desemba 2022. Huyu alikuwa na ranchi yake Alberta, ng'ombe na farasi wa kweli. Gitaa alijifunza hospitalini alipoumia kwenye rodeo akiwa kijana. Uzeeni koo liliharibika, sauti tamu ikaondoka. Wengi wangestaafu. Yeye akarudi na sauti iliyobaki, mbovumbovu, akatoa albamu mwaka 2008. Isikilizeni usiku mkiwa mmetulia. Kuna mahali inakwaruza mpaka unahisi vumbi.

Halafu kuna Riders in the Sky, kundi lililoanza Nashville mwaka 1977. Hawa ni vichekesho mwanzo mwisho, mavazi ya sinema, na ile namna ya kuimba ya kuruka kutoka sauti nene kwenda nyembamba na kurudi, ambayo wenyewe wanaiita yodeli. Wana Grammy mbili. Kwa wanaodhani muziki huu ni wa watu wasiosoma: mpiga fidla wao, Woody Paul, ana PhD ya MIT, na kiongozi wao, Ranger Doug, ana shahada ya pili ya fasihi. Na kijana ni Colter Wall wa Saskatchewan, mzaliwa wa 1995 mwenye sauti ya mzee wa miaka 70. Albamu yake ya 2018, Songs of the Plains, ina nyimbo za kale, ukiwemo wa zamu ya usiku, na vijana wenzake wamezipokea.

Pia kuna Elko, mji wa wafugaji Nevada. Tangu 1985, karibu kila mwaka katikati ya baridi, wachunga ng'ombe hukusanyika pale kughani mashairi na kuimba. Mtu anashuka kwenye farasi, anavua glavu, anaghani. Mimi mtu wa fasihi nikisoma habari hizo moyo unaniruka.

Sasa hoja ya rumeti. Anasema, na ana haki, kwamba nyika ile walinyang'anywa wenyeji wa Marekani, na kwamba kuimba uzuri wa uwanda bila kuwataja ni kupaka rangi kaburi. Hapo sibishani naye. Njia zile za ng'ombe zilipita katikati ya ardhi waliyokuwa wamesukumiwa wenyeji, inayoitwa Oklahoma leo. Lakini dawa ya hadithi iliyokatwa nusu si kuinyamazisha. Dawa ni kuiimba yote, kama anavyofanya Flemons. Ukiziacha nyimbo zife, mpishi wa San Antonio anakufa mara ya pili.

Hoja yake nyingine ni kwamba sisi hayatuhusu. Hapo ananionea. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita kwa Wakipsigis, Kenya, na mashine yake ya kurekodi, akakuta wasichana wakiimba kwa zeze kuhusu kiumbe anayeitwa Chemirocha. Ni Jimmie Rodgers huyo, wa yodeli za Marekani, ambaye Gene Autry alianza kwa kumuiga. Santuri zake zilifika kijijini, jina likapinda kwenye ulimi wa Kikipsigis, na kiumbe akasemwa ni nusu mtu nusu swala. Wafugaji walimsikia na wakampa nafasi kwenye wimbo. Mwaka 2015 zile rekodi zilirudishwa kijijini Kapkatet. Hayatuhusu vipi?

Na tuseme ukweli, Afrika Mashariki hii tuna waimbia ng'ombe wangapi? Rwanda wana amazina y'inka, mashairi mazima ya kumsifu ng'ombe kwa jina lake. Nendeni kwa Wamaasai, kwa Wadatoga, kwa Wasukuma, ng'ombe anapigiwa mluzi na kuimbiwa. Makauboi walipoteza kazi wakabaki na nyimbo, kwa sababu kuna waliokubali kuonekana washamba wakiimba ya babu. Sisi ng'ombe bado tunao, na nyimbo ndizo zinazoondoka, kimyakimya, kila mzee mmoja akienda.

Kwa hiyo ombi langu dogo. Likizo hii, wenye babu mfugaji, mkifika nyumbani washeni simu mumrekodi. Kisha, hapa ndipo penye kazi, mwombeni awafundishe wimbo mmoja tu mpaka muuweze. Rekodi ikae kwenye simu, na wimbo ukae mdomoni. Mkirudi chuoni tutaimba, hata kama sauti zetu ni mbaya. Ian Tyson alishatupa ruhusa.

Naomba kuwasilisha. Rumeti, spika naizima saa nne kamili, nimekuahidi.