JIKONI: MUHOGO WA WEST NILE WATAKA SUBIRA

Askari anapohamishiwa West Nile pamoja na familia yake, mama wa nyumbani aliyezoea matoke au posho ya mahindi hukutana kwanza na ugali wa rangi ya kahawia. Mjini Arua, Walugbara huuita enyasa. Husongwa kwa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au wimbi, nao huliwa kwa majani ya kunde, maharage, au samaki mkavu wa Mto Naili, mchuzi ukiungwa kwa ufuta au karanga zilizosagwa.

Mwendo wa kilomita 55 hivi kuelekea kaskazini humfikisha msafiri Koboko, nchi ya Wakakwa, karibu na mipaka ya Kongo na Sudani Kusini. Huko, kama ilivyo katika mitaa ya Wanubi ya Arua, yako mapishi yenye asili ya Sudani: kisra, yaani mkate mwembamba wa unga wa mtama uliochachushwa, na gurusa ya ngano. Wanubi wengi ni kizazi cha askari wa Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891. Wake zao waliandamana na jeshi, na upishi ukaandamana nao.

Enyasa na kisra hutofautiana kwa sura na ladha, lakini zote mbili hudai subira. Kisra isiyochacha huharibika ladha tu. Muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka waweza kuua, kwa kuwa una sumu ya sianidi. Wenyeji huumenya, huuloweka au kuuvundika kwa siku kadhaa, hukwangua ukungu, huuponda na kuuanika juani hadi ukauke kabisa, ndipo usagwe. Nchini Kongo, familia zilizokula muhogo usioandaliwa vyema kwa majuma mengi, bila kitoweo cha kutosha, zimepatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafula, nao hauna dawa.

Kwa hiyo kunde, maharage na samaki si anasa ya sikukuu. Vyakula hivyo vya kujenga mwili huusaidia mwili kuishinda sumu iliyosalia.

Mama aliye mgeni asione haya kumwomba jirani Mlugbara au Mkakwa amfundishe kazi hiyo tangu kumenya hadi kuanika. Akinunua unga sokoni, auonje. Ukiwa mchungu, asiupike. Haraka haraka haina baraka.