Akupancha: madhara makubwa ni nadra, kuchelewa ndiko hatari

Na Mwandishi Wetu, Pemba

TANGU mwaka 1964, timu za madaktari kutoka China zimekuwa zikitoa huduma Zanzibar. Kisiwani Pemba, kituo chao ni Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa nchi hiyo na kufunguliwa mwaka 2016. Miongoni mwa tiba zilizotambulishwa na timu hizo Visiwani ni akupancha, yaani uchomaji wa sindano nyembamba mwilini, ambayo wengi huitafuta kwa maumivu ya mgongo, shingo na viungo.

Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2009 ulifuatilia wagonjwa 229,230 waliopata tiba hiyo. Madhara mengi yalikuwa madogo, yakiwemo kuvuja damu kidogo na maumivu. Waliopata tatizo la hewa kuvuja kifuani walikuwa wawili tu. Mmoja alitibiwa hospitali, mwengine alihitaji uangalizi pekee.

Tatizo hilo hutokea pale sindano iliyochomwa kifuani, begani au juu ya mgongo inapopenya mno na kutoboa pafu. Hewa hukusanyika kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu husinyaa. Dalili zake ni maumivu makali ya upande mmoja, kikohozi kikavu na kukosa pumzi, na huweza kuanza saa kadhaa baada ya tiba, mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani.

Hapo ndipo penye hatari. Ni rahisi kwa familia kudhani ni kichomi cha kawaida, ikamkanda mgonjwa mafuta na kusubiri kuche. Ilhali picha ya eksirei huweza kuonesha tatizo hilo mara moja. Hewa ikiwa kidogo, mgonjwa hupumzishwa, hupewa oksijeni na kuangaliwa. Ikiwa nyingi, daktari huitoa kwa sindano au mpira maalumu unaopitishwa kifuani.

Kwa mkaazi wa Micheweni aliyetibiwa Mkoani, kurudi alikotibiwa ni kuvuka kisiwa kizima. Hivyo, aonapo dalili hizo, asisubiri. Aende hospitali iliyo karibu na kumueleza daktari, bila ya kuficha, kuwa amechomwa sindano, lini na sehemu gani. Maelezo hayo mafupi ndiyo yatakayomuelekeza daktari kwenye pafu mapema.