Tusihukumu afya kwa mizani peke yake

Mwananchi anayefika kliniki siku hizi hupandishwa kwenye mizani, husimamishwa ukutani apimwe urefu, kisha huandikiwa tarakimu moja kwenye kadi yake. Aghalabu haelezwi imepatikanaje. Huambiwa tu kwamba yu salama, ama uzito wake umezidi. Tunaona ni haki yake kuelewa, kwa kuwa kwa tarakimu hiyo wapo wanaotiwa hofu wasiyostahili, na wapo, nao ndio wanaotutia wasiwasi zaidi, wanaorudi nyumbani na ugonjwa wao.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mtu wa kilo 72 mwenye urefu wa mita 1.60 hupata 28. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtu mzima aliye chini ya 18.5 ana uzito pungufu. Kuanzia hapo hadi kabla ya 25 ni hali ya kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 huo ni unene wa kupindukia.

Lisilosemwa ni kwamba hesabu hii haikuzaliwa hospitalini. Ilitokana na kazi ya miaka ya 1830 ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mjuzi wa nyota na hesabu, aliyekuwa akimtafuta mtu wa wastani katika takwimu za halaiki. Hakukusudia kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani, Ancel Keys, na wenzake walijaribu hesabu kadhaa za namna hiyo kwa wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano, wakaona hii ndiyo yenye nafuu, wakaipa jina linalotumiwa na madaktari hadi leo. Hata mipaka yake imewekwa na binadamu na huhamishwa na binadamu. Mwaka 1998 wakuu wa afya wa Marekani waliposhusha mpaka wa uzito uliozidi hadi 25, mamilioni ya watu waliolala wakiwa wa kawaida waliamka wamezidi, bila kuongeza hata kilo moja!

Mizani haijui inachopima. Mchukuzi wa magunia mwenye kilo 85 na urefu wa mita 1.75 hupata karibu 28, akaandikwa amezidi, ilhali huenda sehemu kubwa ya uzito huo ni misuli. Karani wa urefu huo huo mwenye kilo 70 hupata karibu 23 na husifiwa, hata kama mikono na miguu yake imekonda na mafuta yamejikusanya tumboni. Nayo mafuta yaliyozunguka ini na matumbo ndiyo yenye madhara makubwa, maana huandaa njia ya kisukari na maradhi ya moyo. Kwetu sisi kitambi kimehesabiwa kwa muda mrefu kuwa dalili ya neema na cheo. Basi karani huyu ashtuke kwa lipi? Jirani humpongeza, na kadi ya kliniki humwunga mkono.

Tena miili ya mataifa haifanani. Mwaka 2004 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba watu wengi wa Asia hufikwa na hatari hizo kabla ya 25, wakashauri hadhari ianze kwenye 23. Na mwezi wa Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya kisukari inayohusishwa na lishe duni, ambayo huwapata vijana wembamba. Muuguzi anayengoja kuona unene ndipo apime sukari hatawaona kamwe vijana hao.

Wapo wanaosema kipimo hiki kitupwe. Hatukubaliani nao. Ni rahisi, hakina gharama, na kwa kujua hali ya wilaya au taifa zima hakijapata mshindani. Wala mtu aliyefika 35 asijifariji kwa hadithi ya misuli ya mchukuzi. Kosa ni kukifanya hakimu ilhali ni shahidi mmoja tu. Januari 2025 jopo la kimataifa, katika taarifa iliyochapishwa na jarida la The Lancet Diabetes & Endocrinology, lilishauri kwamba kwa kawaida unene uthibitishwe kwa kipimo kingine, kama vile cha kiuno, kisha itazamwe iwapo viungo vya mwili vimekwisha kuanza kudhurika.

Kipimo hicho cha kiuno hakihitaji mtambo kutoka ng'ambo. Futikamba ya fundi cherehani yatosha. Kanuni iliyopendekezwa Uingereza mwaka 2022 ni kwamba kiuno cha mtu kiwe chini ya nusu ya urefu wake. Mwenye mita 1.60, basi, kiuno chake kisifike sentimita 80. Wajawazito na watoto wana vipimo vyao na wasichanganywe humu, na wazee, ambao misuli hupungua kwa umri, watazamwe kwa uangalifu zaidi.

Tunawataka wakuu wa afya wahakikishe kwamba kila penye mizani pana futikamba na chombo cha kupimia shinikizo la damu, na kwamba mwembamba mwenye kiu isiyokatika na anayekwenda haja ndogo mara kwa mara anapimwa sukari siku hiyo hiyo, bila kwanza kuulizwa kilo zake.