Upepo au Maji?

Wanafunzi wa klabu ya kompyuta ya shule yetu wameniuliza swali. Kwa kuwa lahusu fedha tulizochanga sisi wanafunzi wa zamani, nimeona afadhali nilijibu mbele ya wote katika kurasa hizi. Wanayo mashine moja yenye nguvu, ambayo kwayo hutengeneza filamu za michezo na za mahafali. Sasa wataka kuiongezea mbio kupita kiwango alichoiwekea mtengenezaji, na wasema kwamba kwa kazi hiyo feni haitatosha, lazima inunuliwe mitambo ya kuipoza kwa maji. Mimi nasema na ipozwe kwa upepo, na sababu zangu ni hizi.

Nimekulia Buyenzi, katika gereji ya mjomba wangu. Mjomba alitengeneza Land Rover, na pia Volkswagen za zamani, zile zenye mgongo wa kobe. Volkswagen zile hazikuwa na rejeta. Injini ilikaa nyuma, ikapozwa kwa upepo wa feni na kwa oili yake. Land Rover ilikunywa maji, na dereva aliyepanda mlima kwenda Bugarama hakusahau dumu lake. Siku moja nilimwuliza ipi iliyo bora. Akanijibu, "Mpwa wangu, zote mbili hupozwa na upepo. Hii hulitoa joto lake yenyewe, na ile hulitwika maji kwanza. Maji ni mchukuzi tu."

Nimekuwa fundi wa kompyuta, na sijaona neno lililo kweli zaidi. Katika kompyuta ya maji, pampu huyasukuma maji juu ya prosesa, yakabeba joto mpaka kwenye rejeta ndogo, na hapo feni zikalipuliza nje. Katika kompyuta ya upepo, joto hupanda kwa vijibomba vya shaba mpaka kwenye vibamba vyembamba, na feni ikalipuliza vilevile. Tena ndani ya vijibomba hivyo mna kioevu kidogo, aghalabu maji, kinachogeuka mvuke kwenye joto na kurudi kuwa kioevu kwenye baridi, bila pampu yoyote. Basi hao si maadui, ni ndugu.

Na kwa kuwa mwisho wa safari zote mbili ni upepo, hakuna hata moja inayoweza kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa ya chumbani. Hapa Bujumbura, mchana wa mwezi wa Septemba, hewa hiyo hufika digrii 30 na kupita. Mwenye kununua maji akidhani ananunua baridi ya Ziwa Tanganyika amejidanganya.

Yafaa tena tujue joto lenyewe latoka wapi. Ukiongeza mbio kwa asilimia 10, mara nyingi hulazimika kuongeza na volti. Ukiongeza volti nazo kwa asilimia 10, joto la kazi haliongezeki kwa 20, bali kwa kama 33, maana volti huzidishwa kwa volti. Basi hiyo sehemu ya kumi ya mbio twainunua kwa theluthi nzima ya joto.

Sasa nitaungama kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitengeneza filamu za arusi, na mashine yangu niliifunga maji kwa sababu ilipendeza macho. Usiku wa Ijumaa mmoja ilianza kwenda polepole, kisha ikazimika. Nilisikiliza feni, nikazisikia zikivuma, nikajua yote ni salama. Kumbe pampu ilikuwa imekufa kimya, na maji yamesimama. Pampu ya namna ile haikupatikana mjini; niliagiza Dar es Salaam, ikachukua majuma mawili. Jumapili mama wa bibi arusi alikuja na wageni wake kutazama filamu, nami sikuwa na kitu cha kuwaonyesha. Fedha yake nilimrudishia, lakini aibu ile haikurudishika.

Feni ikifa, utaiona kwa macho kwamba imesimama, na vibamba vitaendelea kutoa joto kidogo huku ukiizima mashine. Tena feni nyingine utaipata kwa fundi jirani, hata ikiwa imetoka kwenye kompyuta kuukuu.

Sitaki kuwaonea wanaopenda maji. Ziko prosesa, kama Core i9-14900K, ambazo kwa kiwango cha mtengenezaji mwenyewe hufika wati 253, na mwenye kuiongezea mbio mashine kama hiyo anayo haki ya kutafuta maji. Tena kipozeo kikubwa cha upepo ni kizito. NH-D15 pamoja na feni zake hupita kilo 1, na uzito huo huning'inia kwenye mazabodi. Anayeisafirisha mashine kwenda Gitega kwa gari na akifungue kwanza. Lakini mashine ya klabu haisafiri, wala si ya wati 253.

Shauri langu kwa klabu ni hili. Kwanza, fungueni mashine mtoe vumbi la kiangazi, na mpake upya dawa ya kupitishia joto juu ya prosesa. Pili, ongezeni mbio kidogo kidogo bila kugusa volti, na mkome pale itakapoyumba. Tatu, ipimeni saa nane mchana, si alfajiri. Mashine isiyoyumba saa nane ndiyo ya kujisifia. Fedha itakayobaki nunueni betri ya kuihifadhi mashine umeme ukatikapo, maana filamu nyingi zimepotea kwa giza kuliko kwa joto.

Nasikia wengine wanasema kwamba upepo ni wa maskini. Si kweli. Mali ya wengi haifai kufungwa kitu ambacho kikiharibika, aliye karibu hawezi kukitengeneza. Mwenye hoja ya kunipinga na ashike kalamu, nami nitamsoma kwa furaha.