Barazani: "Mafua Tu"

Muhula huu tumekuwa tukisoma Utendi wa Mwana Kupona, na kama kawaida yetu tumebishana. Wengi tulikwama kwenye beti za mke na mume. Si ajabu: Alice Werner na William Hichens walipouchapisha hapa Uingereza mwaka 1934, jina la kitabu lenyewe lilitaja wajibu wa mke. Mwenzetu mmoja ndiye aliyeturudisha mwanzoni. Mwaka ni 1858. Mwana Kupona binti Msham ni mjane, ameugua mwaka mzima. Anamwita binti yake asogee na wino na karatasi, anamwambia wazi kwamba maradhi yamemshika, kisha anampa nasaha kama hirizi ya kufunga kwa uzi.

Hapo baraza likanyamaza, maana mama zetu hawatuambii.

Ukipiga simu saa kumi na mbili jioni wakati huu wa baridi, kwao ni saa tatu usiku. Mama anajikohoza kwanza ili sauti ikae sawa. "Huku wazima, mwanangu. Mafua tu. Umekula?" Swali la chakula huja upesi ili lako lisipate nafasi.

Mmoja wetu alijua kwamba mama yake amepasuliwa baada ya wiki 5, mitihani ilipokwisha. Nyumba nzima ilikuwa imeagizwa: asiambiwe. Hata mdogo wake wa miaka 8 alitunza siri, jambo ambalo halijawahi kutokea kwao. Pesa za matumizi zilifika tarehe ileile ya kila mwezi. Mama alikuwa amebadilishana zamu ya upatu na jirani ili zisichelewe.

Wapo wanaouita huo uongo. Sisi hatuuiti hivyo. Kwetu hata aliyefiwa, ukimsalimu, hujibu "salama" kwanza, ndipo aseme "lakini". Shida ya simu ni kwamba hiyo "lakini" haifiki. Na ulinzi huu una gharama yake: mwenzetu alifaulu mitihani, ila mpaka leo anajiuliza alikuwa wapi saa ile ya upasuaji. Alikuwa dukani, kwenye foleni, na mfuko wa mchele mkononi.

Basi tumekubaliana jambo dogo. Usimuulize mama kama hajambo, maana atakujibu hajambo. Muulize vidonge vya presha vimebaki vingapi, kliniki ni tarehe ngapi, nani anamchotea maji siku hizi. Na uwe na namba ya mama mdogo, ambaye katika koo nyingi hajaumbiwa kuficha kitu.

Mwalimu wetu mmoja, mwenye watoto wanaosoma mbali, alitusikiliza mpaka mwisho akacheka. "Ulizeni tu hivyo vidonge," akasema. "Hesabu tutawatajia."